Kebo ya deraya bila ethi ni mtego uliozikwa uani

Kama ulinunua kebo ya deraya mita themanini, ukaichimbia mtaro mpaka kisimani, halafu mwisho wake ukaukata kwa msumeno, ukauzungushia tepu nyeusi na kuupenyeza kwenye boksi kupitia tundu lililotobolewa kwa msumari, wewe hukununua usalama. Ulinunua chuma kirefu chenye stima ndani, ukawazikia wapangaji wako uani.

Najua washaanza. "Kijana, hiyo ndiyo kebo imara kuliko zote dukani." Sawa, kwani nani amebisha? Hata gari la kivita ni imara. Ukiendesha bila breki bado unaua watu.

Tuelewane kwanza tunaongea kuhusu nini, manake wengi wanaipita kila siku bila kuijua. Ni ile kebo nene nyeusi inayotoka kwenye boksi la mita, ikazama ardhini, ikaibukia kwenye pampu ya kisima, kwenye jengo la nyuma, ama kwenye banda la fundi wa kuchomelea vyuma. Mafundi wanaiita amadi, kila mmoja na matamshi yake. Ukiikata utakuta katikati nyaya za shaba au alumini, kila moja na gamba lake la plastiki. Zimefunikwa pamoja na tabaka jingine la plastiki laini. Juu ya tabaka hilo kuna nyaya nyembamba za chuma kilichopakwa zinki, zimejipanga ubavu kwa ubavu na kuzunguka kama kamba. Juu kabisa ndiyo ngozi nyeusi unayoiona. Hizo nyaya za chuma ndizo deraya.

Sasa muulize mtu yeyote deraya ni ya nini. Atakwambia: kuzuia jembe. Hapo ndipo uongo wote unapoanzia.

Ni kweli chuma hicho kinazuia panya. Kinavumilia mawe na uzito wa udongo, na kinavumilia fundi kuivuta kebo kwa nguvu mtaroni. Lakini sululu ya kijana aliyelipwa kuchimba shimo la choo, ikishuka kwa nguvu zake zote, haizuiliki na waya mwembamba namna ile. Itapita. Na waliotengeneza kebo walijua itapita. Ndiyo maana kazi kubwa ya deraya ni nyingine: kabla sululu haijafika kwenye laivu, lazima ipite kwenye chuma. Ikigusa laivu, tayari inagusa deraya pia. Kama deraya imefungwa ethi sawasawa, mkondo mkubwa unakimbilia huko mara moja, breka inaanguka, na kijana anabaki na sululu mkononi, moyo unamdunda, lakini hai.

Kama deraya haijafungwa ethi? Breka haina habari. Deraya yote, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, imekuwa laivu, pamoja na kila chuma kinachogusana nayo. Kebo ya kawaida ya plastiki ikijeruhiwa, hatari inakaa pale ilipojeruhiwa. Hii ya deraya inaibeba hatari mita themanini, inaifikisha kwenye mguu wa tangi la maji ambapo mtoto wa mtu amesimama na ndoo. Kwa hivyo ukiniambia kebo yako ni ya bei ghali, unanizidishia wasiwasi tu.

Mbona nalia na jambo hili Mikindani hasa? Kwa sababu ya maji. Mombasa haina mto wake. Maji ya mfereji yanatoka mbali, Mzima huko Taita Taveta, Baricho huko Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na kila mtu wa huku anajua kuona mfereji ukikohoa hewa wiki nzima. Kwa hivyo mwenye ploti yeyote mwenye uwezo amechimba kisima. Kisima kinataka pampu, na pampu inataka stima. Maji yanataka tangi, tangi linataka mnara wa vyuma, na mnara umesimama palepale wapangaji wanapofulia. Hebu piga picha: stima, chuma, maji, na watu miguu chini. Ukiniambia nikutafutie mahali pabaya kuliko hapo pa kufanya kazi ya ovyo, sitapata. Labda zile sehemu za kuosha magari kando ya barabara ya Magongo, ambako kijana anashinda amesimama ndani ya povu akishika mashine ya presha kutwa nzima.

Halafu kuna hii tabia yetu ya kujenga ploti kwa awamu. Vyumba sita vya mbele, mkopo ukiisha vinne vya nyuma, mwana akirudi kutoka Saudia na pesa, ghorofa. Kila awamu inanyofoa stima kutoka ile ya kwanza kwa kipande cha kebo. Tangu ada ya kuunganishwa stima iliposhushwa mwaka 2015, kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, watu wengi sana waliingia kwenye laini, na hilo ni jambo zuri. Lakini jukumu la Kenya Power linaishia kwenye mita. Baada ya mita ni wewe na fundi wako na Mungu wenu.

Na kabla hamjaniuliza kuhusu stima ya sambaza kule Bangladesh: hapana, sina ugomvi na mtu anayelala kwenye chumba cha mabati na anavuta waya mmoja wa taa kwa sababu hakuna njia nyingine. Hilo ni jambo lake tofauti na lina wenye lawama wakubwa kuliko yeye. Ugomvi wangu ni na mtu mwenye vyumba ishirini, anayekusanya kodi tarehe tano bila kukosa, aliyelipa maelfu kwa maelfu kununua kebo, halafu akabania gilandi.

Nikueleze ploti moja. Sitaitaja, wala mwenyewe simtaji, watu wa hapo wanaijua. Pale kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: usishike mfereji wa tangi bila champali. Mpangaji mpya akihamia, wenzake wanamwambia siku ya kwanza, kama vile wanavyomwambia siku ya kubeba taka. "Dada, vaa champali ukienda kuteka, pale panarusha kidogo." Panarusha kidogo! Watu wazima wameishi na hilo neno zaidi ya mwaka. Kina mama wanafungua mfereji kwa kutumia kitambaa. Watoto wamegeuza mchezo, wanashikana mikono mstari mzima, wa mbele anagusa bomba, wa mwisho anaruka.

Nilienda na fundi mmoja mzee wa Magongo, mtu aliyefanya kazi za viwandani miaka mingi. Alitoa mita yake, waya mmoja kwenye mguu wa mnara, mwingine kwenye msumari aliopigilia udongoni mbali kidogo. Akanionyesha bila kusema kitu. Volti 170 na ushei. Akaniambia, "Mwanangu, hapa hawajafa kwa sababu ya champali na bahati, na champali zinaisha."

Alizima swichi kubwa kisha akafungua boksi la pampu. Kebo ilikuwa ya deraya, nzuri, nene, hata maandishi yake bado yanasomeka. Deraya ilikuwa imekatwa ikaachwa kama ndevu, ikafungwa tepu. Baadhi ya nyaya za chuma zilikuwa zimechoma lile tabaka la ndani na kugusa gamba la laivu, ambalo lilikuwa limelainika kwa maji na joto. Upande wa mita, hivyo hivyo: ndevu na tepu. Hakuna gilandi, hakuna banjo, hakuna waya wa kijani na njano. Deraya ilikuwa inaelea, haijashikwa na chochote duniani isipokuwa mnara wa tangi, kwa sababu mtu alikuwa ameibana kwenye mguu wa mnara kwa waya wa kufungia nondo ili isiyumbe.

Kuna rodi ya ethi pale? Ipo! Imepigwa ardhini vizuri kabisa karibu na mita. Mwenye nyumba aliponipigia simu kwa hasira hilo ndilo lilikuwa jibu lake: "Ethi nimeweka, rodi si unaiona?" Naiona, mzee. Lakini rodi iliyosimama peke yake ni chuma tu ndani ya udongo. Kama hakuna kinachoiunganisha na deraya, mmoja yuko Changamwe na mwingine yuko Likoni na feri haipo.

Na hata ukiziunganisha, rodi peke yake haitoshi. Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hata mafundi wenye miaka kumi kazini wananibishia. Tupige hesabu ya sekondari. Volti ni 240. Tuseme rodi yako ina ukinzani wa omu 60, jambo la kawaida kabisa, na kiangazi udongo ukikauka ukinzani unapanda zaidi. Laivu ikigusa deraya, mkondo utakaopita ni 240 gawanya kwa 60. Ampea 4. Breka yako ni ya ampea ngapi? Thelathini na mbili. Breka ya ampea 32 ikiona ampea 4 inafikiri umewasha pasi. Haitaanguka leo, haitaanguka kesho, na deraya itabaki na stima mchana na usiku huku mita ikihesabu tokeni zako zinazomwagika kwenye mchanga. Breka hiyo ya aina B inataka mpaka ampea 160 ili ikate papo hapo bila swali. Kupata ampea 160 kwa volti 240 unahitaji njia nzima ya kurudi isiyozidi omu moja na nusu. Rodi moja ya kukupa hiyo huipati Mikindani, labda ukaipige kwenye tope la mikoko kule ufukweni.

Ndiyo maana ploti inayotegemea rodi lazima iwe na swichi ya kukata uvujaji, ile mafundi wanaiita RCD, yenye kukata kwenye miliampea 30. Ampea 4 kwake ni kama radi, inakata kabla hujapepesa macho. Lakini sikilizeni ujanja ulipo: RCD inakata pale tu stima inapovuja kwenda ardhini. Deraya iliyofungwa ethi inavujisha mara moja, RCD inakata hata kabla mtu hajaamka asubuhi. Deraya inayoelea hewani haivujishi kitu. Inakaa na volti zake kimya, inangoja. Mpaka mama fulani aguse mfereji miguu ikiwa imelowa, sasa ndiyo inapata njia. Njia yenyewe ni yeye. RCD itakata, inshallah, kama ni nzima na kama haikuziwa bandia. Lakini wewe mwenye nyumba umemfanya mpangaji kuwa waya wa ethi, na anakulipa kodi kwa kazi hiyo.

Sasa tuingie kwenye gilandi, kitu mnachokiita mapambo.

Gilandi ni kile kifaa cha shaba nyeupe, ama tuseme brasi, kinachoshika kebo pale inapoingia kwenye boksi. Ndani yake kuna koni. Fundi anayejua kazi anapima kwanza, anavua ngozi ya nje, anazikwangua nyaya za chuma kwa msumeno nusu tu ya unene wake kisha anazivunja kwa mkono zikatike sawa, ili msumeno usiguse tabaka la ndani. Anazitandaza nyaya zote juu ya koni kama mwavuli, pete inazibana kutoka juu, anakaza kwa spana mbili. Zote, kila moja. Nimeona mtu akikata nusu ya nyaya ili gilandi ndogo aliyonayo iingie. Hiyo siyo ubunifu, umekata nusu ya njia ya kurudi kwa stima. Ikija hitilafu kubwa, zile chache zilizobaki zitabeba mkondo wote na zitapata moto.

Kisha kati ya gilandi na boksi inaingia banjo, lile bapa lenye tundu kubwa na sikio la kufungia bolti. Kwenye bolti hiyo unafungwa waya wa kijani na njano, unaenda mpaka kwenye kituo kikuu cha ethi. Kuna watu watakwambia banjo haina haja kama boksi ni la chuma, gilandi inagusa chuma basi imeshika. Inagusa rangi, ndugu yangu. Maboksi siku hizi yanapakwa rangi ngumu kama kaure, na rangi haipitishi stima. Ama ukwangue rangi mpaka chuma king'ae na uweke washa yenye meno, ama uweke banjo na waya wako. Mimi ningefanya vyote viwili.

Na boksi la plastiki? Hapo hakuna hata mjadala. Hayo maboksi ya plastiki ya kijivu yamejaa maduka yote ya vifaa vya stima, ni mepesi, hayashiki kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi yana faida kweli. Lakini gilandi ya brasi kwenye plastiki imeshikwa na plastiki. Haina mawasiliano na kitu chochote. Bila banjo na waya, umeweka mapambo kweli, hapo nakubaliana na nyinyi.

Tukigusia chumvi: kuna gilandi za ndani na gilandi za nje, na hazifanani. Ya ndani inabana deraya tu, haina mpira wa kuziba ngozi ya nje. Ukiifunga kwenye kisima, maji yanateremka na kebo, yanaingia kwenye nyaya za chuma, na chumvi inafanya kazi yake. Zinki inaisha, chuma kinageuka unga mwekundu, na ethi yako inayeyuka kimyakimya ndani ya kofia ya plastiki ambapo hakuna anayetazama. Ya nje ina mpira wake. Tofauti ya bei ni ndogo. Ukienda dukani sema ni ya nje, yenye kuziba maji, na uende na kipande cha kebo ipimwe, usinunue kwa kukadiria.

Wasomi watauliza, je, deraya yenyewe inatosha kuwa waya wa ethi? Mara nyingi inatosha, lakini siyo kila mara. Chuma kinapitisha stima vibaya kuliko shaba, kama mara nane hivi. Kanuni za Uingereza, BS 7671, hizo ambazo vyuo vyetu vilisomesha miaka yote kwa jina la IEE, zina jedwali: kwa kebo ndogo, mpaka milimita 16 za mraba, kama hutaki kupiga hesabu ndefu basi ukubwa wa chuma chote uwe zaidi ya mara mbili ya laivu kama gamba la ndani ni PVC, na zaidi ya mara tatu kama ni ile ya kuvumilia joto, XLPE. Ukiona haifiki, unanunua kebo yenye waya mmoja zaidi ndani, huo unakuwa ethi ya shaba. Lakini hata hapo, na hili ndilo linawapiga chenga wengi, deraya bado inafungwa ethi. Haijalishi kama umeweka waya mwingine kumi. Deraya ni chuma kilichozunguka laivu, na chuma kama hicho hakiachwi kinaelea. Kuna suala la jengo la nyuma lenye rodi yake lenyewe, ambapo fundi anaweza kuamua kuitenga deraya upande wa kule ili ethi mbili zisichanganyike. Huo ni uamuzi wa fundi mwenye vipimo. Upande wa mita unafungwa bila mjadala.

Vipimo, ndiyo. Hapa naomba msamaha kwa marafiki zangu mafundi, lakini testa ya bisibisi siyo kifaa cha kupimia ethi. Ile taa ndogo ikiwaka inakwambia kuna stima. Haikwambii kama kuna njia ya kurudi. Unahitaji mita ya kupima mwendelezo wa deraya toka mwisho hadi mwisho, unahitaji mega ya volti 500 kupima kama gamba la ndani liko salama, na unahitaji kipimo cha njia nzima ya hitilafu. Mega hainunuliki kila mtu, naelewa. Inakodishwa. Mafundi watano wakichanga wanainunua.

Kwa nini basi kazi inafanywa ovyo? Wengi mnamtupia fundi, na mimi sitamtupia yote. Nimekaa na hawa watu zaidi ya mwaka nikiwarekodi. Fundi analipwa kwa jumla: "fanya hiyo kazi, elfu fulani, vifaa ninaleta mimi." Mwenye nyumba anaenda dukani mwenyewe kwa sababu hamwamini fundi na risiti. Anarudi na kebo, boksi, breka. Fundi anauliza, "Gilandi, mzee?" Mzee anasema, "Nyinyi mafundi mnapenda kuongeza vitu." Gilandi moja mara nyingi haifiki bei ya mita moja ya hiyo kebo. Mtu amenunua mita themanini, anakataa kununua ya themanini na moja! Fundi ana watoto, na akikataa kazi kuna mwingine nyuma yake kwenye boda ataifanya kwa nusu bei. Anafunga tepu.

Halafu kuna cheti. Kisheria fundi wa stima anatakiwa awe na leseni ya EPRA, kwa madaraja, kuanzia C-2 mpaka A-1, na kazi inatakiwa itolewe cheti na mtu mwenye leseni ya daraja linalofaa. Karatasi nzuri sana. Lakini kila fundi mtaani anajua kwamba sahihi inanunulika kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga ploti yenyewe. Fundi asiye na leseni anafanya kazi, mwenye leseni anaweka muhuri, mwenye nyumba anaweka faili. Huyo mwenye leseni ndiye ninayemkasirikia kuliko wote. Fundi wa mtaani anaweza kusema hakusomeshwa. Wewe ulisomeshwa, ukafanya mtihani, ukajua deraya ni ya nini, halafu ukauza jina lako.

Ndiyo, najua, mimi mwenyewe niliacha chuo. Mnapenda kunikumbusha. Niliacha uhandisi wa umeme mwaka wa pili kwa sababu karo ilinishinda, siyo siri. Lakini 240 gawanya kwa 60 haiulizi kama una digrii. Nileteeni jibu tofauti na 4, nitafuta kila kitu nilichoandika.

Jibu ninaloletewa zaidi siyo la hesabu. Ni hili: "Imekaa miaka kumi, mbona haijaua mtu?" Mnalisema hilo Mikindani kweli? Hapa hapa tuna Owino Uhuru, ambako watu waliishi miaka wakivuta risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na wao pia waliambiwa hakuna shida. Mahakama ya Mombasa ikaja kuwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikapingwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hatari isiyoonekana sisi tunaijua kwa majina ya majirani. Na mji wenyewe siyo mgeni wa stima. Kampuni ya kwanza ya umeme Mombasa ilianza 1908, kwa jenereta ambayo Jeevanjee aliipata kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Zaidi ya miaka mia moja, na bado tunaambiana tuvae champali.

Wapangaji mnaniuliza mfanye nini. Kwanza, usifungue boksi, usiguse kebo, usichimbe kuitafuta. Tazama tu kwa macho. Pale kebo nene inapoingia kwenye boksi la mita na boksi la pampu, kuna kitu cha brasi kimeishika, ama kimefunikwa kofia ya plastiki? Kuna waya wa kijani na njano karibu yake? Ukiona tepu, ama chuma kimetokeza kama ndevu, piga picha ukiwa mbali. Kama mfereji, mnara, ama mlango wa chuma unarusha hata kidogo, hiyo siyo "kidogo". Zimeni pampu kwenye swichi kubwa na mwambieni mwenye nyumba kwa maandishi, kwenye simu, kila mpangaji ujumbe wake, siku hiyo hiyo. Simu ya mdomo anasahau. Jumbe kumi na nane zenye tarehe hasahau, na wakili wake akiziona atamkumbusha.

Wenye nyumba, mnataka orodha, hii hapa: gilandi mbili za nje kwa kila kipande cha kebo, banjo mbili, mita kadhaa za waya wa kijani na njano, RCD halali, na siku moja ya fundi mwenye leseni ambaye atakuja na mita, siyo na testa. Muulizeni awaandikie vipimo alivyopata. Akikataa kuandika, hajapima.

Na nyinyi wengine, mkiona kazi imefanywa vizuri nipigieni picha pia, sitaki kuweka aibu tupu kila siku. Nimeomba picha ya gilandi iliyofungwa sawasawa, na banjo yake na waya wake, wiki tatu sasa, kutoka Magongo mpaka Miritini. Nimepata mbili. Moja ni ya msikiti.